Neno la Tatu la Faki

Sogeeni, ila msisinzie; mwisho wa hadithi nitataka jibu kwenu.

Katika kijiji kimoja cha Pemba, Faki alizungukwa na watu wenye vipaji. Dada yake, Time, alikuwa na mkono mwepesi: alidaka kikombe kabla hakijafika chini. Jirani yake, Kombo, mwadhini, alikuwa na sauti iliyofika mpaka mashambani. Mkewe, Mize, alikuwa na ulimi ambao ukikujibu, hulali. Faki mwenyewe alikuwa na hasira tu.

Siku hiyo mvua ilinyeshea karafuu zilizoanikwa uani.

"Nani kaziacha nje?" akafoka Faki.

"Si wewe uliyesema leo mvua hainyeshi?" akajibu Mize.

Badala ya kunyamaza, Faki akaongeza. Mwaka uliopita alikwisha kumpa Mize talaka moja, akamrejea. Sasa akatoa ya pili. Ya tatu ikitoka, basi tena, hakuna kurejeana. Na Faki akafungua mdomo.

Time, aliyekuwa akipakua muhogo, akamsokomeza kipande cha moto mdomoni.

Kombo, aliyeyasikia yote kutoka msikitini, akaadhini. Alasiri bado! Lakini adhana ikisikika watu hunyamaza, na Faki, mdomo umejaa, akanyamaza.

Mize alikuwa na jibu tayari, la kweli na la kuchoma. Angelitoa, Faki angetema muhogo na adhana asingeisikia. Akalimeza. Akajitanda kanga, akaenda kwao bila kugeuka.

Adhana ilipokwisha, Faki alibaki peke yake na karafuu zilizolowa. Neno lilikuwa bado ulimini. Akalimeza pamoja na muhogo.

Nyumba ile ilivyokuwa tupu, jamani! Faki alipika chai ya watu wawili, akaimwaga. Mto wa Mize ulinukia asumini, kisha ukaacha kunukia, na hapo ndipo alipolia. Alitamani hata kugombezwa. Akawa anapita nyuma ya nyumba ya wakwe akijidai anatafuta mbuzi, asikie tu sauti yake.

"Mbuzi wako kafa mwaka juzi," Mize akamwambia kupitia dirishani.

Faki alirudi nyumbani akicheka na machozi yanamtoka.

Kabla eda haijaisha, akamrejea. Sasa wamepata mtoto, na Faki ameapa kuwa atakayempa jina ni yule aliyeizuia talaka ya tatu.

"Vidole vyangu viliungua," anasema Time.

"Mimi nilisemwa na msikiti mzima kwa adhana ile," anasema Kombo.

Mize hasemi kitu. Jibu la siku ile bado analo, na Faki anamtazama, anatamani kulijua na anaogopa kuuliza.

Kesho ni siku ya saba, mtoto hana jina. Je, wewe ungemwachia nani ampe?