Kaa la Moto la Bi Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, ya watu walioshiba? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, kilikuwapo kijiji kando ya mto. Msinikodolee macho. Walikuwa wanapika, tena wanajua: ugali, maharage, na chai ya tangawizi jioni.

Kijijini palikuwa na duka moja, duka la Bi Kindi, ndani ya tundu la mkwaju. Duka dogo, mlango wa kuinamia. Lakini ukipiga hodi unaitikiwa kabla hujafunga mdomo.

"Hodi!"

"Karibu! Ngiri huyo. Meno yameamkaje? Mama hajambo?"

"Meno hayajambo, mama hajambo. Nipe chumvi."

Bi Kindi anapima chumvi, anaifunga kwenye jani, kisha anatia kidogo juu yake. Hiyo nyongeza. "Ya mama," anasema.

Mbele ya duka palikuwa na jiko. Bi Kindi alikaanga karanga pale kutwa, kacha, kacha, kacha. Moto wa jiko lile haukuzimika. Bibi yake aliutoa kwenye mti uliopigwa na radi, na kijiji kizima hakikuwa na moto mwingine. Kila asubuhi wanyama walikuja na vigae vyao, wakaomba kaa la moto, wakaenda kuwasha majiko nyumbani. Bi Kindi hakumtoza mtu. Jirani hanyimwi moto. Nao wakinunua karanga, karanga zinaleta kuni, kuni zinalisha moto. Mmesikia? Karanga, kuni, moto. Mtoto mdogo anaelewa. Wanyama wale hawakuelewa.

Siku moja ardhi ikatikisika. Ti! Ti! Ti! Kiboko huyo, katoka mtoni, kafungua duka. Na duka lenyewe! Pana kama tumbo lake, magunia mpaka darini. Mwenyewe hakukaa dukani. Alirudi majini, pua tu nje. Mlangoni akamweka Kasuku, akamfundisha maneno ya kusema.

"Karibu mteja wetu mpendwa! Chukua, lipa, pita!"

Basi wakarukwa na akili. Wameitwa wapendwa! Ngiri alizunguka kijiji kizima, mkia juu.

"Mmesikia? Mimi ni mteja mpendwa! Bi Kindi aliniita mpendwa lini? Yeye kazi yake kuniuliza meno."

Karanga za Kiboko zilikuwa rahisi kidogo. Zilikuwa na vumbi, na nyingine zimeoza, lakini rahisi. Mnunuzi akiuliza, "Kasuku, mbona zimeoza?" Kasuku anajibu, "Karibu mteja wetu mpendwa!" Na mpumbavu anaondoka ameridhika.

Sasa sikilizeni. Wangemhama Bi Kindi kabisa, ningewaheshimu. Hawakumhama! Walimpitia kila siku ya Mungu. Ngiri anakuja, gunia la Kiboko mgongoni.

"Hodi, Bi Kindi! Nipe kaa la moto. Na gunia langu nakuwekea hapa kivulini, naenda mara moja kwa Nyani. Mwanangu akipita, mwambie nipo huko."

"Na karanga, Ngiri?"

"Karanga ninazo." Akalipiga gunia, pu! "Za Kiboko."

Mama Digidigi naye anakuja, macho chini. "Mwenzangu, niangalizie mtoto. Nafika dukani, narudi."

"Dukani si hapa?"

"Kwa Kiboko, mwenzangu. Nafika tu, narudi."

Anamwacha mtoto kwa Bi Kindi, anakwenda kununua kwa Kiboko! Ninyi mnaliitaje jambo hilo? Mimi nina jina lake, lakini hapa kuna watoto.

Karanga zikalala. Bi Kindi akazila mwenyewe. Kuni zikapungua. Siku moja akawaambia waziwazi.

"Jamani majirani, karanga zisiponunuliwa sina kuni. Nikikosa kuni, moto huu nitaulisha nini?"

Ngiri akacheka mpaka akakaa chini. "Biashara imekushinda, sasa unatutishia moto! Moto upo tangu bibi yako. Utakwenda wapi?"

Utakwenda wapi! Subiri, bwana mkubwa.

Bi Kindi aliingia ndani akalia, nisiwafiche. Alikuwa amebakiwa na ukuni mmoja. Ng'ambo ya mto waliishi viumbe wa miguu miwili, hawana manyoya, hawana pembe, hawana hata meno ya maana. Kila upepo ukivuka mto, walikuwa wakiita, "Ee mama wa karanga! Harufu yako inatuua! Njoo utuuzie!" Bi Kindi akafuta machozi. Akatia makaa katika chungu, akayafunika majivu, akajifunga chungu mgongoni. Akapita juu ya matawi, tawi hili, tawi lile, mpaka ng'ambo.

Kulipokucha Ngiri akaja na kigae chake.

"Hodi!" Kimya. "Hodi, Bi Kindi!" Kimya. Akagusa majivu. Baridi.

Akatimua mbio kwa Kiboko. "Kasuku, nipe kaa la moto!"

"Karibu mteja wetu mpendwa! Chukua, lipa, pita!"

"Nichukue wapi? Sina moto, kijiji hakina moto!"

"Karibu mteja wetu mpendwa!"

"Mwite tajiri yako!"

Kiboko akatoa sikio majini. "Moto? Mimi naishi majini. Moto wa nini?" Bulu bulu bulu, akazama.

Basi wakakaa na magunia yao. Unga wanao, maharage wanayo, na ugali haupikwi kwa jua. Mvua ikaja, baridi ikaja. Mtoto wa Digidigi akala maharage mabichi, tumbo likavimba, akaanza kutetemeka. Mama yake akakimbia ukingoni, akalia kwa sauti.

"Bi Kindi! Nilikosa, mwenzangu! Mtoto anatetemeka! Nisaidie kaa moja!"

Bi Kindi akaja ukingoni na kaa. "Mtoto simnyimi. Ila kuvuka mimi sivuki tena, njooni mlichukue."

Ngiri akajitosa mtoni kulileta. Akaliweka kwenye kigae, kigae akakishika mdomoni, akaogelea. Wimbi likaja. Chwii! Akarudi, akapewa lingine. Chwii! Akarudi tena. Chwii!

"Rudi kwetu, basi!" wanyama wakaita kwa pamoja. "Rudi, Bi Kindi!"

"Nirudi kuwalindia magunia? Huku nikiuza, wananunua. Nikisalimu, wanaitika. Nawe Ngiri, meno hayajambo?"

"Hayajambo," Ngiri akasema, maji yakimchuruzika.

"Basi yatumie. Kuleni mbichi."

Akageuka. Alikuwa na wateja.

Wakala mbichi. Wanakula mbichi mpaka leo. Nani anunue unga asioweza kuupika? Kiboko akafunga duka, akabaki majini, hana habari na mtu. Mtoto wa Digidigi alipona, lakini ukoo wake wote bado unatetemeka, jani likianguka tu. Na Ngiri mtazameni anavyokula: hupiga magoti. Wengine husema shingo yake fupi. Mimi nasema anaomba moto. Kasuku ndiye hajabadilika. Hana duka, hana bidhaa, bado anakaribisha.

Funzo lake ni hili. Duka la jirani hulishwa kwa kununua, halilishwi kwa kupitiwa. Ukienda kwa jirani kuomba, na kwa tajiri kununua, utawakosa wote wawili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Moto ule alikuja nao kwetu, sisi wa miguu miwili. Na jana nimepita kwa Bi Kindi, nimemkuta anakula karanga zake mwenyewe. Wewe unayecheka hapo, huo mfuko ni wa duka gani? Na ulipokwenda kununua, mtoto ulimwachia nani?

Hadithi yangu imeishia hapo. Nendeni mkatazame majiko yenu.