Aliyeandikwa Marehemu Angali Hai

Wametusimulia waliopokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi za Wajerumani, zama zile ambazo kila jimbo lilikuwa na mtemi wake na kila ukoo wa watemi ulikuwa na monasteri ya kuuombea, aliishi mtawa mcha Mungu aliyeitwa Richlind, Mungu amrehemu. Amana yake ilikuwa kitabu cha marehemu wa ukoo. Kila asubuhi alisoma majina ya waliofariki tarehe ile, na watawa wenzake wakaitikia kwa dua.

Ah, zama zile! Watu walimcha Mungu hata katika wino. Jina halikuandikwa kitabuni mpaka mashahidi wawili waape kwamba wameiona maiti kwa macho yao. Richlind alilishika sharti hilo kwa ukali, isipokuwa mara moja.

Eberwin, mrithi wa utemi, alikwenda vitani ng'ambo ya milima asirudi. Siku moja mama yake, Bi Hadewig, akaja kupiga magoti mbele ya Richlind.

"Mwanangu, niandikie jina lake kitabuni. Nimechoka kungoja, na anayengojwa hana wa kumwombea."

Richlind alikulia ngomeni kwa mama huyo na kula mkate wa mikono yake. Moyo ukamshinda, akaliandika jina la Eberwin chini ya tarehe ya siku ile. Utemi ukashikwa na mdogo wa Eberwin, kisha na mwana wa huyo mdogo, Gerbold.

Miaka thelathini ikapita. Mzee mmoja mwenye fimbo akabisha hodi ngomeni, akasema, "Mimi ni Eberwin." Gerbold akaghadhibika, kwa kuwa adhabu ya laghai ajitiaye katika ukoo wa watemi ilikuwa kunyongwa. Akamfunga kamba, akamleta mbele ya monasteri mchana kweupe, akaagiza kitabu kiletwe.

"Tusomee, Mama."

Richlind akainua macho. Sikio la kushoto la mfungwa lilikuwa limechanika. Akaikumbuka siku mbwa wa kuwindia alipoling'ata, yeye na Eberwin wakiwa vijana, na Eberwin akicheka huku damu ikimtiririka. Ule ua wa ngome, kelele za mbwa, harufu ya mkate wa Bi Hadewig, vyote vikamrudia kwa pamoja, na machozi yakamlenga. Hata hivyo alijua kwamba neno la bikizee juu ya sikio halitashinda kitabu. Mwandishi wake tu ndiye angeweza kukikanusha, na akifanya hivyo angevuliwa amana aliyoipenda kuliko kitu chochote duniani.

"Bwana wangu, jina limo," akasema. "Lakini maiti haikuonwa na mtu. Niliandika kwa kumhurumia mama yake. Kosa ni langu. Na huyu ndiye Eberwin."

"Unajua kwamba monasteri hii ilijengwa na babu zangu?"

"Najua, bwana wangu. Waliijenga ili waombewe, si ili wadanganyiwe."

Gerbold akaamuru kamba zifunguliwe.

"Mwana wa ndugu yangu," mzee akasema, "sikufuata kiti chako. Nimekuja kuzikwa kwetu."

Gerbold akainama, akambusu mkono. Richlind naye, kwa aibu, akatoa kisu cha kukwangulia wino ili alifute lile jina. Eberwin akamzuia.

"Dada, mlikuwa mkinisoma kweli?"

"Kila mwaka. Hatukuruka hata mmoja."

Mzee akalia mbele ya watu wote. "Kule utumwani, nilikopelekwa baada ya kutekwa vitani, nilidhani duniani hakuna tena anayenitaja. Kumbe nilikuwa nikiombewa hivi. Liache, dada. Usilifute."

Jina likaachwa. Richlind akavuliwa kitabu siku ileile, na ilikuwa haki, akawa akiketi nyuma kabisa na kuitikia dua kama wengine. Wanasema hapakuwa na aitikiaye kwa furaha kumshinda yeye. Wamekwenda watu wale, ndugu zangu, na jinsi ninavyowatamani! Sisi tunaandika mengi kuliko wao, lakini sijui ni wangapi kati yetu tungethubutu kusimama mchana kweupe, mbele ya mtawala, na kusema: kosa ni langu.