Kibali cha Kumfunga Bi Ndovu

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wakati foleni ilikuwa imeshavumbuliwa lakini dirisha la kuipangia bado, Bi Ndovu alishika mimba.

Mimba ya ndovu si ya mchezo. Ni miezi ishirini na miwili. Mwanadamu anazaa, ananyonyesha, mtoto anaanza kutambaa, na ndovu bado anaambiwa asubiri. Mumewe, Bwana Ndovu, hakuwa na kifua cha kusubiri. Walikuwa wamekaa miaka kumi bila mtoto, na hofu ilimjaa mpaka masikioni, ambako kwa ndovu ni mahali pakubwa. Akaenda kuomba ushauri kwa Kamati ya Uzazi.

Kamati ile ilikuwa na wajumbe wawili. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, aliyeketi mtoni na hakutoka majini kwa sababu yoyote. Karani wa Mihuri alikuwa Kifaru, aliyekaa juu ya kilima na hakuona kitu chochote kilichopita ncha ya pua yake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzaa, na ndiyo maana walisifiwa kuwa hawana upendeleo.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Ndovu, "mke wangu ni mjamzito. Nimtunzeje?"

Kiboko alizama, akafikiri, akaibuka. Pwaa.

"Siku ikifika, mkeo atafanya nini?"

"Atajifungua."

"Atajifungua. Sasa niambie, umewahi kuona kitu kikafunguliwa ambacho hakikufungwa?"

Bwana Ndovu akawaza milango, akawaza magunia, akawaza vinywa vya ndugu zake. "Sijawahi, Mheshimiwa."

"Basi mfunge."

Bi Ndovu akafungwa kwenye mkwaju kwa kamba nne za mkonge, kila mguu na kamba yake. Asitembee, asiiname, asijigeuze. Majani akaletewa mdomoni. Wiki ya kwanza alipenda. Wiki ya tatu miguu ilikuwa imevimba kama mitungi, mgongo umekakamaa, na pumzi zinamtoka moja moja, kama wajumbe wanaotoka kwenye mkutano usio na chai.

Akaagiza mkunga aitwe. Mkunga wa mbuga ile alikuwa Pimbi, kikongwe mwenye ukubwa wa chungu cha mchuzi, aliyeishi kwenye mawe na kudai kwamba yeye na ndovu ni ukoo mmoja. Wenzake walimcheka. Waliosoma wanasema ni kweli, lakini hao nao hucheka kwa kuchelewa.

Pimbi alimbonyeza mguu. Shimo likabaki.

"Mwanangu, umefanya kosa gani?"

"Nimeshika mimba, Bibi."

"Kwa kosa hilo wenzako hupikiwa uji. Nani kakufunga?"

"Kamati. Eti nisipofungwa sitajifungua."

Pimbi hakucheka. "Bi Nyati alifungwa hivihivi mwaka jana. Siku ilipofika nguvu zilikuwa zimelala, akahangaika siku mbili. Mtoto tulimpata, lakini nusura tumkose yeye na mama yake. Wewe umebakiza miezi minne. Tumbo hili linadai miguu, linadai mgongo, linadai pumzi. Nikizikata kamba hizi, kesho watakufunga tena kwa kamba nane. Lazima wazifungue wenyewe, tena kwa furaha."

Akaondoka. Ta, ta, ta, ta, hadi mtoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekuja kukupongeza kwa kumfunga Bi Ndovu. Isipokuwa naona aibu kidogo, kwa niaba ya ofisi."

"Aibu ya nini?"

"Nimezunguka mti mzima, sijaona fomu."

Masikio ya Kiboko yakaacha kuchezacheza. "Fomu?"

"Ya kuomba kufungwa. Nasikia Kamati ya ng'ambo hawamfungi hata kanga bila fomu."

Ng'ambo hakukuwa na Kamati. Kulikuwa na kanga tu. Lakini Kiboko angejuaje, na hatoki majini?

"Na huko ng'ambo," akauliza kwa sauti ya mtu asiyeuliza, "hiyo fomu inakwendaje?"

"Mwombaji anafika mwenyewe kwa miguu yake. Anachukua jani la mgomba kwa Mwenyekiti, analipeleka kwa Karani ligongwe muhuri, analirudisha kwa Mwenyekiti. Jani likikauka njiani, limekwisha muda wake. Anaanza upya."

"Ndivyo tunavyofanya na sisi," alisema Kiboko, "tangu zamani."

Kesho yake asubuhi Bi Ndovu alifunguliwa, ili aende akaombe kufungwa.

Bwana Ndovu akaweka mwili njiani. "Fomu nitaipeleka mimi. Mke wangu ni mzito."

"Mwombaji ni mwenye tumbo," alisema Pimbi.

"Hata mimi ninalo."

"La nini?"

"La... majani."

"Basi kaombe majani."

Wakaanza safari, Pimbi akiwa juu ya kichwa cha Bi Ndovu, katikati ya masikio. Siku ya kwanza hawakufika hata nusu ya njia. "Polepole, mwanangu. Unaweza kuongea?"

"Naweza."

"Basi ongea, nipe umbea wa majirani. Ukiona pumzi ya kuongea imekwisha, tunasimama tunywe maji. Ukisikia kizunguzungu au maumivu, tunalala hapohapo, na fomu ikauke ikipenda."

Siku ya nne walifika kilimani. Kifaru alitazama mbele yake. "Mwombaji yuko wapi? Naona ukuta."

"Ndiye huyo, Bwana Karani. Uso wake uko juu ya kiwango cha ofisi."

"Achuchumae."

Bi Ndovu akashika jiwe kwa mkonga, akachuchumaa kidogokidogo, akainuka.

"Umemwona kwa jicho la kulia," alisema Pimbi. "La kushoto je? Lisije likatoa ushahidi tofauti."

Akachuchumaa tena. Kifaru akaridhika, akachovya mguu wake kwenye maji ya zambarau, akagonga jani. Ndu.

"Wino upulizwe," alisema Pimbi. "Pumzi iingie taratibu, itoke taratibu. Ukipuliza kwa pupa unachuruzika, na Bwana Karani hapendi."

"Sipendi kabisa," alisema Kifaru, aliyekuwa hajawahi kuwaza jambo hilo.

Hiii... fuuu. Hiii... fuuu. Wino ukakauka. Na walipofika mtoni, jani nalo lilikuwa limekauka.

"Imekwisha muda," alisema Kiboko. "Njoo kesho."

Wajukuu zangu, hilo "njoo kesho" limewapandisha wengi presha. Bi Ndovu lilimshusha uvimbe. Mwezi ukaisha, miguu ikarudi kuwa miguu. Mgongo ukalegea, usingizi ukaja. Mtoto naye akaanza kucheza tumboni, akirusha teke kila wakiteremka kilima.

Mwezi wa ishirini na moja, mvua ikanyesha. Jani likafika mtoni bichi, muhuri unang'aa.

"Imekamilika," alisema Kiboko. "Leteni kamba."

Pimbi alilirukia jani. Kra, kra, kra.

"Unafanya nini wewe?"

"Nakagua, Mheshimiwa."

"Kwa meno?"

"Ni ukaguzi wa ndani."

"Umeona nini?"

"Iko sawa kabisa. Bahati mbaya sasa iko ndani. Achukue nyingine."

Bwana Ndovu alimtazama Pimbi. Kisha akamtazama mkewe, aliyeinamisha kichwa ili kicheko kisionekane. Kisha akaitazama ile miguu. Kesho yake, safari ilipoanza, na yeye alikuwa kwenye foleni, kabeba maji.

Kiboko akatoa amri: Pimbi asikaribie hati za serikali. Lakini kwenda na kurudi kuliendelea, maana Karani alikuwa na siku zake za kulala, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa ishirini na mbili jani lilipofika likiwa bichi, zima, lenye muhuri. Hata Kifaru alishuka kilimani kushuhudia.

"Ombi lako la kufungwa limekubaliwa," alisema Kiboko. "Hongera."

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema Bi Ndovu. "Naomba dakika moja."

Akashika mti kwa mkonga. Pimbi akateremka chini. "Kama kwa Karani, mwanangu. Jicho la kulia. Sasa kausha wino."

Hiii... fuuu.

Haikuwa dakika moja. Jua lilipanda mpaka utosini. Bwana Ndovu alikuwa amefumba macho, akihesabu miaka kumi mmoja mmoja. Kiboko alizama mara kumi na moja, sijui kwa adabu au kwa woga.

Pwata.

Mtoto wa kike alianguka kwenye majani mabichi. Akapiga chafya. Akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena, akasimama, akaenda moja kwa moja kutafuta ziwa la mama yake. Baba yake alilia kwa mkonga, na nyasi zikapata maji ya wiki nzima.

"Ngojeni," alisema Kiboko. "Huyu hakufungwa. Amejifunguaje?"

Kifaru akamsogelea mtoto, akamgusa kwa pua. "Naona ukuta mdogo."

"Kisheria," alisema Kiboko, "asiyefungwa hajajifungua. Kwa hiyo mtoto bado yumo tumboni."

"Sawa, Mheshimiwa," alisema Pimbi. "Mwacheni anyonye humohumo."

Bwana Ndovu alizikusanya zile kamba nne, akazitupa mtoni. Chubwi. Kisha akainama sikioni kwa Pimbi. "Bibi, mimba ijayo, fomu tuanze kuchukua mwezi wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama akiwa mzima. Unajua foleni zilivyo."

Yule mtoto sasa ni bibi wa wajukuu saba, na kwenye faili la Kamati hajazaliwa mpaka leo.

Mja mzito si mzigo, wajukuu zangu: kinachofungwa kamba ni mzigo.