Mkwe wa Kati na Mashine ya Kupasulia Kuni

Wapendwa, kaeni vizuri. Mwenye kusinzia aanze sasa hivi, maana nikishika kasi sitaki kumkanyaga mtu ndotoni.

Huku kwetu kwenye baridi palikuwa na nyumba moja yenye mabinti wanne. Watatu walikwisha kuolewa. Na nyumba ile ina desturi yake: siku ya sherehe, kuni za jikoni hupasuliwa na wakwe. Si vijana wa kijiji, si majirani. Wakwe! Mama mkwe anapanga magogo ya mkaratusi uani, anaegemeza mashoka ukutani, kisha anakaa pembeni na kanga yake begani, aone binti zake wameolewa na watu wa namna gani. Na mkwe asiyeweza kupasua je? Hatukanwi. Ah, afadhali angetukanwa! Analetewa kiti na soda, anaambiwa, "Karibu, mgeni." Umekula pale miaka yote, umewazalia wajukuu, leo unaambiwa karibu mgeni. Soda hiyo inapita kooni kweli?

Sasa huyu mkwe wa kati, mume wa binti wa pili, ndiye aliyekuwa simba wa ua ule. Akishusha shoka, kuku wanahama. Lakini mwaka ule bega lake la kulia liligoma. Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukifika hapo unasema, mzee, mimi kituo changu ndiyo hiki. Hata kuchana nywele, ilibidi kichwa kiinamie kitana. Na binti wa mwisho anaagwa karibuni, na wakwe wameshaitwa.

Je, alikwenda kusema, "Mama, bega linaniuma"? Thubutu! Mwanamume yule aliona ni rahisi zaidi kujenga mashine.

Akajifungia nyuma ya banda la kuku. Akachora kwa mkaa ukutani: boriti ndefu ya chuma, mwisho wake bamba nene la kulizuia gogo lisikimbie, upande wa pili silinda ya lori la mchanga lililokwisha kufa, mbele ya silinda, kabari ya chuma yenye makali. Halafu pampu ya mkono, na mpira wa presha wa kupeleka oili kwenye silinda. Unapampu taratibu kwa mkono mzima, oili inasukuma, kabari inatembea, gogo linaachia lenyewe. Akawa anachomelea kwa mkono wa kushoto, cheche zinaruka, majogoo wanawika mchana.

Mkewe akachungulia. "Baba watoto, unatengeneza nini?"

"Kitanda."

"Kitanda gani kina shoka katikati?"

"Cha chuma, mke wangu. Mambo ya kisasa."

Mama wa watu akarudi jikoni. Yeye ndiye aliyekuwa akimvua shati jioni. Angekosa kujua?

Siku ikafika. Mkwe wa kati akashusha mzigo wake uani, kaufunika turubai kama maiti ya kiboko. Wenzake wamekwisha kufika. Mkwe mkubwa, mume wa binti wa kwanza, alisimama wima kama bwana harusi anayepigwa picha, ananoa shoka. Kila sherehe huyu hunoa. Ananoa, anajaribu kwa kidole, hajaridhika, ananoa tena. Na mkwe mdogo, mume wa binti wa tatu, yuko kwenye simu. Kila sherehe, gogo kubwa likisogezwa tu, simu yake inaita. Mkwe wa kati akawatazama akajisemea, hawa wazima wa afya, watanimaliza leo.

Akavuta turubai. Watoto wakashangilia. Wapishi wakaacha vitunguu. Mama mkwe akasogeza kigoda chake mbele.

Akalaza gogo juu ya boriti, lenye fundo katikati kubwa kama kisigino cha tembo. Akapampu. Kabari ikatembea, ikagusa gogo, ikang'ata ganda... ikasimama. Akapampu tena. Mkono wa pampu ukadidimia kama godoro la sponji: unabonyea, unarudi, unabonyea, unarudi. Mashine inalia nyee, nyee, kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Gogo halina habari.

"Shemeji," mkwe mdogo akaita, "hii mashine inapasua kuni au inazikanda?"

"Inazibembeleza," akasema mkubwa. "Subiri, gogo litaona haya lenyewe."

Watu hoi kwa kicheko. Lakini mkwe wa kati hakucheka, maana alijua ugonjwa. Hewa! Wapendwa, oili haibonyei. Ukiisukuma huku, inasukuma kule, haina ubishi. Lakini hewa ikinaswa ndani, nguvu yako yote inaishia kuibonyeza hewa. Dawa yake ni kuitoa, na kuitoa kunataka watu wawili: mmoja huku anapampu na kukandamiza, mwingine kule kwenye silinda analegeza nati. Yeye mashine aliijenga kwa siri. Nyuma ya banda la kuku, nani angemlegezea nati? Jogoo?

Mkwe mkubwa akamsogelea na shoka limenolewa, linang'aa. "Achana na michezo, bwana. Mama anaangalia. Shika hili, wewe ndiye simba wetu."

Akalipokea. Watoto wakasogea nyuma. Akalinyanyua mpaka kifuani, na hapo bega likasema lile neno lake. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Pembeni, kwa kona ya jicho, akamwona mtoto mmoja ameshabeba kiti.

Akashusha shoka chini.

"Siwezi," akasema. "Bega limekufa. Nimejenga hiki kitu ili msijue."

Mpishi akaacha mwiko. Vitunguu vikaanza kuungua.

Mkwe mkubwa akamtazama. Akamtazama sana. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bega gani?"

"La kulia."

"Mimi ni mgongo." Akafunua shati: mkanda mpana wa hospitali, umembana kutoka kiunoni mpaka mbavuni. "Unadhani nanoa shoka kwa mapenzi? Nikiinama leo, mtaniinua keshokutwa."

Wote wawili wakamgeukia mkwe mdogo. Simu bado iko sikioni.

"Nani anapiga?" mkubwa akamwuliza.

Akaishusha polepole. "Hakuna mtu, kaka. Nina ngiri."

Weee! Kicheko kilichotoka pale, wapendwa, hakikuwa kile cha kwanza. Kile cha kwanza kilichoma. Hiki kilitua mizigo. Mwanamume mzima anashika mkanda, mwingine anashika ngiri yake isidondoke, wa tatu anafuta machozi kwa mkono wa kushoto.

"Sasa njooni mnisaidie kutoa hewa," akasema mkwe wa kati.

Mkubwa akashika pampu. Mdogo akakinga kopo. Mwenyewe akashika spana. "Pampu! Shikilia! Nalegeza!" Nati ikatema povu, tsss, kama nyoka aliyeudhiwa. "Kaza! Pampu! Shikilia!" Povu tena, kidogo. Mara ya mwisho ikatoka oili tupu, nyororo, bila sauti. Wakarudi kwenye gogo. Mkono wa pampu sasa mgumu kama ahadi ya mama. Kabari ikaingia, fundo likaguna, na paa! Gogo likalala pande mbili.

Mama mkwe akainuka. Akaleta viti vitatu na soda tatu. Nyuso zikawaparama.

"Msinune, baba zangu," akasema. "Pampu inapigwa hata mtu akiwa amekaa. Kaeni mfanye kazi. Wageni hawapasui kuni."

Na pilau ya siku ile iliiva kwa kuni za wakwe waliokaa vitini.

Haya. Na sisi? Mbona baraza la wazee wa kanisa mmekaa wima ghafla hivyo? Jumapili hata Jumapili tunaingia humu, mmoja ananoa shoka, mwingine yuko kwenye simu isiyoita, wa tatu kajenga mashine nzima asigundulike. Tunaimba, tunapampu, nyee, nyee, na gogo liko palepale. Nguvu tunayo, ndugu zangu! Lakini yote inaishia kwenye ile hewa tuliyoifungia ndani, na nati ile mtu haifikii peke yake.

Basi mgeukie aliye kando yako. Usimwambie "Bwana asifiwe", hiyo umeshamwambia mlangoni. Mtazame usoni, sauti ya chini, umwulize:

Bega gani?