Maswali Aliyoyaleta Pimbi

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupeleka watoto shule, palikuwa na Nyati mmoja kijana aliyetaka kuwa tabibu. Ndama wa ukoo wake walikuwa wakifa kwa homa, na kila walipozika, mama yake alisema nyumba ile inahitaji tabibu wake. Lakini mtihani wa kuingia chuo ulikuwa umeshamwangusha, na safari hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kuruhusiwa.

Jirani yake alikuwa Pimbi, mnyama mdogo wa mapangoni, naye akijiandaa kwa mtihani uleule. Siku moja Nyati akamwendea kwa kishindo, puu, puu, akasimama mlangoni mpaka ndani ya pango kukawa giza.

"Wewe mdogo, unapita popote," alisema. "Ingia kwa Mwalimu Tembo uniletee maswali. Usiponiletea, nitaliporomosha hili pango lenu."

Pimbi akawatazama wadogo zake waliojibana ukutani, akakubali. Kumbe Mwalimu Tembo alikuwa akililalia sanduku la mitihani, na hata siafu asingepenya. Kwa hiyo Pimbi akaamua kutunga maswali yake mwenyewe.

Kwanza alimdadisi Nyati kidogo. Akagundua kwamba amekariri kurasa nyingi za vitabu vinene, lakini kugawanya kunamshinda, na sentensi ikiwa ndefu anasahau mwanzo kabla hajafika mwisho. Basi kila jioni Pimbi alimletea swali "la wizi": leo kugawa maboga, kesho sehemu, keshokutwa habari ya kusoma na kueleza.

Nyati alilalamika kwamba hayo ni mambo ya watoto. Pimbi akamwambia kuwa walimu hupenda kutega pale mtu anapopadharau. Tena majibu hakuyakuta, na Mwalimu Tembo hubadilisha namba dakika ya mwisho, hivyo ni lazima aijue njia. Nyati akakoroma, akainama, akakokotoa. Maswali yakazidi kuwa magumu polepole, naye akapanda nayo bila kutambua.

Siku ya mtihani, Nyati akafunua karatasi. Hapakuwa na hata swali moja aliloletewa. Moyo ukamdunda, du, du, du. Akamgeukia Pimbi kwa macho mekundu. Pimbi akajificha nyuma ya karatasi yake.

Nyati hakuwa na la kufanya, akarudi kwenye swali la kwanza. Liliuliza ndama apewe dawa kiasi gani kulingana na uzito wake. Akalisoma tena, taratibu. Mbona hii ni kugawanya tu? Akaandika. La pili nalo likafunguka.

Matokeo yalipobandikwa, majina yao wote wawili yalikuwamo. Nyati alikwenda pangoni, akajilaza chini ili aonane na Pimbi uso kwa uso.

"Kumbe hukuiba kitu," alisema.

"Sikuiba, kaka. Nisamehe, niliogopa."

Nyati akashusha pumzi ndefu, vumbi likaruka. "Wa kuomba msamaha ni mimi. Mama analia tangu asubuhi, na leo hatuna msiba."

Pimbi naye akapumua. Wadogo zake wakatoka mmoja mmoja, wakaanza kumpanda Nyati mgongoni, naye akawaacha.

Basi wanangu, shikeni hili: maswali hubadilika kila mwaka, lakini aliyejenga msingi hapotei njia.