Bonge la Kwanza la Semeni

Hapo zamani, zamani ambayo bibi yangu mwenyewe aliikuta imeshapita, palikuwa na mji ulioishi kwa chumvi. Uliitwa Majichungu. Haukulima wala haukufuga. Ulikuwa na chemchemi moja ya maji ya chumvi chini ya shimo refu, basi. Wanaume walishuka shimoni kuyateka. Wanawake waliyachemsha vyunguni mpaka yakakauka yakabaki mabonge meupe. Wanaume kisimani, wanawake mekoni. Ndivyo walivyoikuta dunia yao, na hakuna aliyeuliza.

Kaeni vizuri. Hadithi hii haina pa kucheka, nawaambia mapema ili mtu asije akanidai kicheko.

Majichungu kulikuwa na nyumba ya nasaha. Mtoto akitimiza miaka kumi na mitano aliingizwa humo siku saba, akae na mnasihi. Na mnasihi kazi yake ilikuwa moja tu, kusikiliza. Hakufundisha, hakukemea, alisikiliza. Siku ya saba alimtoa mtoto mbele ya watu na kutamka neno moja, "kisimani" au "mekoni". Mengine yote aliyoyasikia yalibaki kifuani mwake mpaka kaburini, ndicho kiapo alichokula. Neno lake hilo moja halikupingwa na yeyote. Lakini nani alipinge? Miaka yote mnasihi alikuwa akitamka kile ambacho kila mtu alikijua tangu mtoto yuko mbelekoni.

Zama hizo mnasihi alikuwa Bi Chausiku, mjane mpole, sauti yake ya chini. Siku moja akaletewa mtoto wa Mzee Makame, mteka maji. Mtoto huyo mama yake alikuwa amekufa, na watu walimwita Machano. Siku ya kwanza mtoto alinyamaza. Siku ya pili akanyamaza. Siku ya tatu akasema:

"Bibi, mimi siye Machano. Mimi ni msichana. Nalijua hilo kama ninavyoijua njaa, hakuna aliyenifundisha."

Bi Chausiku hakushtuka. Au alishtuka akajizuia, hilo ni lake. Aliuliza tu, "Nikuite nani, mwanangu?"

"Semeni."

"Haya, Semeni. Endelea, nakusikiliza."

Na mimi nitamwita Semeni tangu hapa mpaka mwisho, kwa sababu ndivyo alivyoomba. Anayeona ugumu, mlango ule pale, haujafungwa.

Siku nne zilizobaki mtoto alizungumza kama aliyefunguliwa mdomo kwa mara ya kwanza. Asubuhi ya siku ya saba Bi Chausiku akamshika mkono. "Semeni, nina neno moja mdomoni. Nikisema mekoni, silirudishi. Watu watafanya nini, sijui. Unataka niseme?"

Mtoto akachungulia dirishani. Akaona mji mzima umesimama uani, na mbele kabisa baba yake, amevaa kanzu ya kuazima, anatabasamu.

"Naogopa, Bibi."

Bi Chausiku akatoka naye, akasema, "Kisimani." Vigelegele vikapigwa. Mzee Makame akalia kwa furaha. Semeni naye alilia, na watu wakadhani ni furaha hiyo hiyo.

Miaka tisa Semeni alishuka shimoni. Miaka tisa alipanda na ndoo kichwani na jina la mtu mwingine mgongoni. Ila kila Ijumaa, watu wakiwa wamepumzika, alikwenda nyumba ya nasaha, akafunga mlango, na Bi Chausiku akamwita Semeni. Saa moja kwa wiki. Wewe hebu jaribu kuishi saa moja kwa wiki, kisha uniambie.

Sasa sikilizeni kuhusu Siwema. Siwema alikuwa mchemshaji wa chumvi, rika moja na Semeni, mcheshi, mdomo hauna kufuli. Semeni ndiye aliyemletea maji kwenye chungu chake. Siwema aliona jinsi anavyokodolea moto, jinsi mkono unavyomwasha kila povu likipanda. Siku moja akamwambia, "Shika upawa basi, maana macho yako yatatumbukia humo." Semeni akashika. Tangu siku hiyo, alfajiri kabla wenzake hawajafika, Siwema alimfundisha kuchochea, kuengua povu, kulisikiliza bonge linapotaka kushikana. Na alfajiri moja Semeni akamwambia jina lake.

"Ndiyo maana!" Siwema akasema. Hakusema zaidi ya hapo. Alicheka, akamkumbatia, wakaendelea na chumvi.

Lakini mwaka wa tisa Semeni aliacha kula. Akaacha kujibu salamu. Hata Ijumaa akaacha kwenda. Siku moja mchana Siwema alimkuta ameketi kwenye ukingo wa shimo la zamani, lile lililoachwa, amejifunga jiwe kiunoni kwa shuka. Siwema hakupiga kelele. Alikwenda akaketi nyuma yake, akamkumbatia kwa mikono miwili, akang'ang'ania hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Kisha akalifungua lile jiwe, akampeleka nyumbani kwa baba yake, akamlaza.

Halafu akafanya jambo ambalo hakumwuliza Semeni. Alikwenda moja kwa moja mekoni, akasimama katikati ya wanawake.

"Jamani, mwenzetu anakufa," akasema. "Mnamjua kwa jina la Machano. Jina lake ni Semeni, na mahali pake ni hapa tuliposimama. Mpisheni, nawaomba. Mpisheni kabla hatujamzika."

Mekoni wanawake wa Majichungu walisimuliana kila kitu, uchungu wa kuzaa, ugomvi wa waume, yote, na hayakuwa yakitoka. Siwema alitegemea hivyo. Wengine walilia pale pale. Mmoja alijifuta mikono, akaondoka bila kuaga. Kufikia alasiri mji wote ulikuwa unajua.

Watu wa Majichungu waliamini kwamba mtu wa kisimani akigusa chungu, chemchemi itakauka. Chemchemi ile haikukauka, na mpaka leo inatoa maji. Lakini siku ile nani angewaambia? Walikuja na miti ya kutekea maji, wakaja na michi, na wengine walikuja na vyungu vilivyokuwa bado vinatokota.

Mzee Makame alikuwa ameketi barazani anashona ndoo ya ngozi. Akayasikia maneno kabla hajawaona watu. Akasimama mlangoni.

"Mtoe huyo!" wakapiga kelele.

"Ndani yumo mwanangu Machano," Mzee Makame akasema. "Nilimzaa mwanamume, na mwanamume atabaki. Hayo mengine sitaki kuyasikia. Lakini hamumgusi. Anayetaka kupita apite juu yangu."

Walimpiga hakuondoka. Wakamsukuma, akashika miimo ya mlango. Ndipo mtu mmoja, na hakuna aliyekubali kamwe kwamba ni yeye, akammwagia chungu cha maji ya chumvi yanayochemka usoni. Mzee Makame akapiga ukelele mmoja, na mikono haikuachia miimo. Kule nyuma Semeni alitoroka kwa dirisha la jikoni. Aliusikia ukelele huo akiwa anakimbia. Hakurudi. Yeye mwenyewe hakujisamehe kamwe kwa hilo, nami siwezi kumsaidia.

Mzee Makame hakuona tena. Bi Chausiku watu walimvua unasihi, kwa kuwa walisema alijua akawaficha. Siwema alifukuzwa mekoni, na mtu aliyefukuzwa mekoni Majichungu hana pa kusimama.

Semeni alitembea siku mbili akafika Kijiwe, mji mwingine wa chumvi. Kule hawakuwa na nyumba ya nasaha. Walikuwa na desturi yao. Mgeni akija kuomba meko, alichemsha kwa vyungu vya watu miaka sita. Mwaka wa sita alichemsha bonge lake la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Bonge hilo alimpa mtu mmoja, yule aliyemfikisha kwenye moto. Mtu huyo aliliramba, kisha akalitamka jina la mgeni huyo mbele ya wote. Jina likishatamkwa hivyo, ni lake, na meko ni yake, hata kaburini ataitwa hivyo. Mtu mmoja tu. Bonge likivunjwa ligawanywe, si kitu tena, linarudi chunguni. Na hakuna anayejitamkia jina lake mwenyewe.

Semeni alichemsha miaka sita. Wanawake wa Kijiwe hawakumpenda sana wala hawakumchukia. Mkuu wao, Bi Tabu, alimwambia waziwazi, "Sisi tunajua ulikotokea na uliitwaje. Akipatikana wa kukutamka, wewe ni wa kwetu. Asipopatikana kabla mvua haijazima moto, utaendelea na safari yako. Desturi ni hiyo, binti."

Semeni akatuma habari Majichungu. Hakutaja jina la wa kuja. Alishindwa kutaja.

Wakaja wote watatu. Bi Chausiku, ambaye sasa amekuwa mkongwe, alimwongoza Mzee Makame kwa fimbo. Siwema alibeba maji na mihogo. Siku mbili njiani hawakusemeshana ila "jiwe hapo" na "kunywa maji". Kila mmoja aliona wenzake ndio walioyaleta yote haya.

Walifika siku ya mwisho ya msimu, mawingu yameshatanda. Semeni alikuwa amesimama mbele ya meko, bonge limekaa kwenye viganja viwili, jeupe. Aliyaona macho ya baba yake, au pale yalipokuwa.

Bi Chausiku akasema, "Mimi ndiye wa kwanza kukuita Semeni. Kabla yangu jina hilo lilikuwa ndani yako tu. Miaka tisa nilikutunzia, hata waliponivua unasihi sikufungua mdomo. Kosa langu nalijua. Neno lilikuwa mdomoni mwangu mimi, mtu mzima, nikamwuliza mtoto kama nilitamke. Lakini ukinyima bonge hili mtu aliyekusikia, utampa nani?"

Siwema akasema, "Mimi nilikufundisha moto. Bonge hilo ni mkono wangu ndani ya mkono wako. Na nilikutoa ukingoni mwa shimo la zamani. Bi Chausiku alikuita Semeni mlango ukiwa umefungwa, mimi nilikuita mchana kweupe. Sikukuuliza, ndiyo. Halikuwa jambo langu la kusema, na baba yako hana macho kwa ajili ya mdomo wangu. Naliota hilo kila siku. Lakini ningekuuliza, ungesema unaogopa, na leo tungekuwa tunakukumbuka tu."

Mzee Makame akaugeuza uso kuelekea joto la meko. "Mimi sielewi," akasema. "Miaka sita nimekaa gizani nikijaribu kuelewa, sielewi. Sikukufundisha moto. Sikukusikiliza, kwa sababu hukuniambia, na hukuniambia kwa sababu ulijua nitajibu nini. Nilichokuwa nacho nilikitoa mlangoni. Njiani kuja hapa nimelijaribu jina hilo moyoni, hatua kwa hatua. Kwa mdomo bado sijaweza. Nikipewa bonge nitaliramba, nitajaribu. Likitoka, litakuwa limetoka kwa baba yako. Lisipotoka, mwanangu, nitakuwa nimekuangusha mara ya pili, na hapa hakuna dirisha la kutokea."

Tone la kwanza la mvua likaanguka. Bi Tabu akatazama juu, akatazama moto. "Binti, amua."

Semeni akawatazama mmoja mmoja. "Bibi, ulinisikia," akasema. "Siwema, ulinishika. Baba, ulisimama mlangoni. Aliyenisikia hakusimama. Aliyesimama hakunisikia. Aliyenishika hakuniuliza. Ningempa yule ambaye angefanya yote hayo, lakini huyo hakuja. Sijui kama yupo."

Akalia, na hakuwa na mkono wa kujifutia, maana yote miwili imeshika bonge.

Hapo ndipo ninapoachia. Mara nyingi nimeisimulia hadithi hii, na kila nikifika hapa nabadilisha mawazo. Ukiniambia Bi Chausiku, nakuuliza, kwa nini basi Semeni alifika ukingoni mwa shimo la zamani? Ukiniambia Siwema, nakuonyesha uso wa Mzee Makame. Ukiniambia baba, nakuuliza kama mtu anaweza kulindwa kwa jina lisilo lake. Usinijibu haraka, ndugu yangu pale nyuma, wewe hujawahi kulibeba bonge hilo. Lakini usikawie mno pia. Mvua imeshaanza, moto unafuka, na chumvi inatiririka kwenye vidole vya Semeni.

Je, nani alistahili kulitamka jina lake?