Halua ya Bi Mize

Bi Mize wa Wete alikuwa hajapata kupanda ndege. Binti yake alijifungua Ujerumani, akaomba kitu kimoja tu, halua ya kwao. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege Bi Mize alivuliwa viatu, mkanda na bangili, akajicheka: "Leo Mize umekuwa muhogo wa kumenywa!"

Afisa mmoja wa miraba minne akaushika mkebe wa halua, huku akimeza mate.

"Hii ni majimaji, bibi. Hairuhusiwi. Iache hapa."

"Haya, mwanangu. Mimi mshamba, hata maji siyajui. Lakini ionje kwanza, nisije nikakuachia iliyochacha."

Afisa akamega pande, akalitia kinywani. Hapo Bi Mize akamgeukia mkubwa wa zamu, aliyesimama meza ya pili.

"Bwana mkubwa, nifahamishe mjinga mie. Huyu kijana anakunywa au anatafuna?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afisa akataka kujibu, lakini halua ilikwishamgandisha meno.

"Mrudishie bibi mkebe wake," mkubwa akasema.

Bi Mize akaukumbatia, akaondoka kwa maringo, akaenda kupanga foleni ya msalani akidhani ndiyo ya ndege.